Bhaichung Bhutia, straika aliyeibeba India: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akitaja India na michezo, wengi tunafikiria kriketi. Ndiyo maana maswali kuhusu Bhaichung Bhutia huanza kwa mshangao: kumbe India ina mpira? Inao, tena wenye mizizi mirefu, na kwa zaidi ya miaka kumi na tano mtu huyu mmoja ndiye aliyekuwa uso wake. Haya hapa ndiyo maswali yanayojitokeza mara nyingi, na majibu yake kwa kadiri yanavyostahili kujibiwa.

Bhaichung Bhutia ni nani hasa?

Ni mshambuliaji mstaafu na nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya India. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1976 katika kijiji cha Tinkitam, kusini mwa Sikkim, jimbo dogo la milimani lililobanwa kati ya Nepal, Bhutan na Tibet. Aliichezea timu ya taifa kuanzia 1995 hadi 2011. Alizichezea East Bengal, JCT Mills na Mohun Bagan nchini India, Bury ya Uingereza, na Perak na Selangor za Malaysia.

Kutoka kijiji cha mlimani alifikaje kwenye mpira wa kulipwa?

Wazazi wake walikuwa wakulima. Sikkim yenyewe ilikuwa imeingia rasmi katika India mwaka 1975, mwaka mmoja tu kabla hajazaliwa, kwa hiyo mtoto wa kule alikuwa mbali na Delhi kwa kila namna. Kilichomfungulia njia ni shule. Akiwa na umri wa miaka 9 hivi alipata ufadhili wa Mamlaka ya Michezo ya India, akapelekwa kusoma Tashi Namgyal Academy mjini Gangtok.

Mwaka 1992 alicheza Kombe la Subroto, mashindano makubwa ya shule za India, akachaguliwa mchezaji bora. Bhaskar Ganguly, kipa wa zamani wa timu ya taifa, alimwona pale akapeleka habari zake Kolkata. Mwaka uliofuata kijana huyo wa miaka 16 aliacha shule akajiunga na East Bengal.

Hapo ndipo ninapoanza kumheshimu. Mtoto wa Kibuddha kutoka milimani, hazungumzi Kibengali, anaingia jiji lenye mashabiki wakali kuliko wote nchini humo, na ndani ya miaka michache jiji zima linamwimba.

Kwa nini Kolkata? Kwani ndiyo mji mkuu wa mpira?

Kwa wapenzi wa kandanda, ndiyo. Mohun Bagan ilianzishwa mwaka 1889 na East Bengal mwaka 1920, na upinzani wao ni wa kifamilia na wa kihistoria. East Bengal ndiyo timu ya watu waliotoka mashariki ya Bengal, sehemu ambayo leo ni Bangladesh, na wengi wao walihamia Kolkata baada ya India kugawanywa mwaka 1947. Mohun Bagan ni ya wenyeji wa magharibi. East Bengal ikishinda, mashabiki wake husherehekea kwa samaki aina ya hilsa. Mohun Bagan ikishinda, nyumba zinanukia kamba. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuichukulia kama Simba na Yanga, kisha aongezee machungu ya watu waliopoteza makwao.

Ni kweli siku moja watu zaidi ya 130,000 walikwenda kumwona akicheza?

Ni kweli, na hii ndiyo mechi ambayo mtu yeyote anayetaka kumwelewa Bhutia lazima aanze nayo.

Ilikuwa tarehe 13 Julai 1997, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, East Bengal dhidi ya Mohun Bagan kwenye uwanja wa Salt Lake. Kocha wa Mohun Bagan, Amal Dutta, alikuwa amekuja na mfumo wake wa almasi na timu yake ilikuwa ikigawa vipigo kwa kila aliyekatiza mbele. Upande wa pili alikaa P. K. Banerjee, mchezaji nguli wa enzi za dhahabu za India. Dutta alitawala magazeti wiki nzima. Aliwabeza wachezaji wa East Bengal hadharani, akayageuza majina yao kuwa vichekesho: Bhaichung akawa "Chung Chung", na beki Sammy Omollo akawa omleti.

Ndiyo, Omollo huyohuyo, Mkenya ambaye mashabiki wa Gor Mahia wanamjua kama Pamzo. Alikuwa beki wa kati wa East Bengal siku ile. Kwa hiyo wasomaji wa Kenya wana mtu wao ndani ya mechi iliyojaza uwanja kuliko zote katika historia ya michezo India.

East Bengal walishinda 4-1. Nazimul Haque alifunga la kwanza. Mara baada ya mapumziko Bhutia akaongeza la pili. Mnigeria Chima Okorie akairudishia Mohun Bagan moja, uwanja ukawaka upya, na dakika za mwisho Bhutia akatupia mengine mawili. Mabao matatu peke yake, katika mechi ya watani wa jadi, mbele ya umati ule, akiwa na miaka 20! Wengi husahau kwamba East Bengal hawakulichukua kombe lenyewe; fainali walifungwa na Salgaocar ya Goa. Kolkata hawajali. Muulize mzee yeyote wa huko kuhusu 1997, atakutajia nusu fainali.

Kabla ya hapo alikuwa wapi?

Mwaka 1995 alihamia JCT Mills ya Phagwara, jimbo la Punjab, timu ya kiwanda cha nguo. Msimu wa 1996-97 India ilianzisha ligi yake ya kwanza ya taifa. JCT waliichukua, naye akawa mfungaji bora. Kisha akarudi East Bengal.

Alikuwa straika wa aina gani?

Hakuwa mrefu. Silaha yake ilikuwa ni kusoma mpira utaangukia wapi kabla beki hajajua, na kutumia mwili kumzuia beki mkubwa kuliko yeye. Ndani ya eneo la hatari hakuhitaji kugusa mara nyingi. Kichwani pia alikuwa hatari kuliko kimo chake kinavyoonyesha, kwa sababu aliruka kwa wakati. Magazeti ya India yalimpa jina la mdunguaji wa Sikkim, na kwa mara moja magazeti hayakutia chumvi.

Je, ndiye Mhindi wa kwanza kucheza Ulaya?

Hapana, ingawa utaisoma hivyo sehemu nyingi. Mwaka 1936 Mohammed Salim, winga wa Mohammedan Sporting ya Kolkata, alikwenda Scotland akaichezea Celtic mechi mbili za majaribio bila viatu, miguu imefungwa bandeji. Watu walimshangilia, lakini alirudi nyumbani. Bhutia ni wa kwanza kusaini mkataba wa kulipwa na klabu ya Ulaya. Yote mawili ni makubwa, na kumfuta Salim ili kumpamba Bhutia si haki kwa yeyote kati yao.

Alishindwa Bury?

Swali hili linaniuma kila linapoulizwa, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Takwimu ni hizi: alisaini tarehe 30 Septemba 1999 mkataba wa miaka mitatu, akacheza mechi 37 za ligi, akafunga mabao 3. Ukiishia hapo utasema alishindwa. Lakini angalia mazingira.

Kabla ya Bury alikuwa amefanya majaribio Fulham, West Bromwich Albion na Aston Villa bila kupata mkataba. Bury walikuwa wameshuka tu hadi daraja la tatu la Uingereza, na hawakuwa na fedha. Kocha aliyekuwepo alipofika, Neil Warnock, aliondoka kwenda Sheffield United mwezi Desemba mwaka uleule. Yaani kijana kafika kutoka joto la Kolkata, majira ya baridi yanaingia, na mtu aliyekubali kumsajili hayupo tena. Akabaki mikononi mwa Andy Preece, ambaye mwenyewe alikuwa bado anacheza, tena mshambuliaji.

Mechi ya kwanza aliingia kutoka benchi dhidi ya Cardiff City tarehe 3 Oktoba 1999. Bao lake la kwanza likaja tarehe 15 Aprili 2000 dhidi ya Chesterfield. Halafu goti likamsumbua, msimu wa mwisho akaupoteza karibu wote, na klabu yenyewe ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa madeni mwaka 2002.

Mpira wa daraja la tatu wakati ule ulikuwa wa mipira mirefu na viwiko. Straika wa kimo chake, anayeishi kwa pasi ya chini na nusu nafasi, atapata nini pale? Kwa maoni yangu, kudumu miaka mitatu lilikuwa jambo la kishujaa kuliko mabao matatu yale yanavyosema. Na alikuwa peke yake. Mchezaji wa Brazil akienda Ulaya anakuta wenzake mia wamemtangulia, wanajua nani mzuri na mkataba unasomwaje. Bhutia hakuwa na wa kumuuliza.

Ubora wake katika klabu ulionekana wapi zaidi?

Jakarta, mwaka 2003. Alikuwa amerudi India, akakaa Mohun Bagan msimu mmoja uliovurugwa na majeraha, kisha akarejea East Bengal. Klabu ilialikwa kwenye Ubingwa wa Klabu za ASEAN, mashindano ya Kusini Mashariki mwa Asia. Chini ya kocha Subhash Bhowmick, walikwenda bila kutarajiwa na mtu.

Dhidi ya Philippine Army walishinda 6-0, na mabao yote sita yalikuwa yake. Fainali walikutana na BEC Tero Sasana ya Thailand, klabu ambayo mwaka uleule ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia. East Bengal 3-1, Bhutia akiwa mmoja wa wafungaji. Alimaliza mfungaji bora kwa mabao 9. Hadi leo ni moja ya mataji machache sana ambayo klabu ya India imeyatwaa nje ya nchi, na ukiniuliza mimi, ndiyo kazi bora ya maisha yake.

Alifunga mabao mangapi kwa taifa?

Utakuta namba mbili, na ugomvi mwingi mitandaoni. Alipostaafu, shirikisho la India na magazeti ya nchi hiyo walihesabu mabao 40 katika mechi zaidi ya 100. Wanaohesabu mechi zinazotambuliwa na FIFA pekee wanapata mabao chini ya 30, kwa kuwa baadhi ya mechi zile zilikuwa dhidi ya klabu au timu za vijana. Usikubali mtu akuambie namba mojawapo ni uongo. Swali la kuuliza ni mechi gani zimehesabiwa.

Kuna jambo lingine. India ya miaka ile ingeweza kukaa miezi mingi bila mechi yoyote ya kimataifa. Straika hawezi kufunga katika mechi ambayo haikupangwa.

Alishinda nini akiwa na India?

Ubingwa wa Asia Kusini, SAFF, mara tatu: 1997, 1999 na 2005. Ule wa 2005 ulichezwa Karachi, Pakistan. Alikuwa nahodha na mchezaji bora wa mashindano.

Lakini kipindi kizito kweli ni kile cha kocha Mwingereza Bob Houghton. Mwaka 2007 India ilichukua Kombe la Nehru mjini Delhi kwa kuifunga Syria 1-0. Mwaka 2008, kwenye uwanja uleule wa Ambedkar, walishinda AFC Challenge Cup kwa kuifunga Tajikistan 4-1. Sunil Chhetri alifunga matatu, Bhutia moja, na Bhutia akatajwa mchezaji bora. Ushindi ule uliipeleka India Kombe la Asia kwa mara ya kwanza tangu 1984. Halafu 2009 wakalitetea Kombe la Nehru, Syria tena, safari hii kwa penalti, na katika mashindano hayo akawa Mhindi wa kwanza kufikisha mechi 100.

Kwa nini alicheza dakika chache tu Kombe la Asia 2011?

Jeraha la mguu. Ni sehemu ya kusikitisha kuliko zote katika historia yake. Mtu aliyelikimbilia lango lile maisha yake yote alifika Doha akiwa na miaka 34 na mguu usiomtii. Alitazama kutoka nje India ikifungwa 4-0 na Australia, kisha 5-2 na Bahrain. Aliingia katika dakika za mwisho za mechi ya tatu, walipofungwa 4-1 na Korea Kusini. Mwezi Agosti mwaka uleule akatangaza kustaafu timu ya taifa.

Aliwahi kucheza Kombe la Dunia?

Hapana. India haijawahi kucheza fainali hizo.

Mechi ya kumuaga ilikuwaje?

Bayern Munich walikuja Delhi tarehe 10 Januari 2012, na kikosi kamili. India walifungwa 4-0. Hakuna aliyekwenda uwanjani kwa ajili ya matokeo.

Kati yake na Sunil Chhetri, nani bora?

Kwa mabao, Chhetri, bila mjadala: amepita 90 na kuingia orodha ya wafungaji wakubwa wa kimataifa wa wakati wote. Alianza timu ya taifa mwaka 2005 na kukulia pembeni mwa Bhutia kwa miaka sita. Kaka mkubwa alivuta mabeki, mdogo akajifunza.

Wasomaji wa Kenya watamkumbuka Chhetri. Juni 2018 mjini Mumbai, baada ya watu wasiofika 3,000 kujitokeza kwa mechi ya mashindano ya Intercontinental Cup dhidi ya Taipei ya China, alirekodi video akiwasihi mashabiki waje uwanjani. Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Harambee Stars, tiketi zikaisha. Ilikuwa mechi yake ya 100, India wakashinda 3-0 naye akafunga mawili. Siku chache baadaye kwenye fainali aliwafunga Wakenya mawili mengine.

Nikifikiria video ile, namkumbuka Bhutia wa 1997 mbele ya watu zaidi ya 130,000. Chhetri ni mfungaji mkubwa zaidi. Bhutia ndiye aliyethibitisha kwamba Mhindi anaweza kuwa nyota kwa kazi ya mpira peke yake. Nikilazimishwa kuchagua, nitamchagua aliyetangulia, na najua wengi hawatakubaliana nami.

Kwa nini alikataa kubeba mwenge wa Olimpiki?

Mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipitia Delhi, naye alikuwa miongoni mwa walioalikwa kuukimbiza. Alikataa, akisema wazi kwamba anasimama na watu wa Tibet. Alikuwa Mhindi wa kwanza kufanya hivyo. Ni mwaka uleule serikali ilimpa nishani ya Padma Shri. Mwanamichezo mwenye mengi ya kupoteza angeweza kusingizia jeraha.

Na zile habari za dansi?

Ni za kweli. Mwaka 2009 alishiriki mashindano ya dansi kwenye runinga akashinda, jambo lililochochea mvutano na klabu yake ya wakati huo, Mohun Bagan, hadi wakaachana. Alirudi East Bengal. Kwa mpira wenyewe halina uzito.

Aliwafanyia nini wachezaji wenzake?

Mengi, na hayazungumzwi vya kutosha. Mwaka 2006 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha wachezaji wa kulipwa wa India, wakati ambapo mchezaji aliyecheleweshewa mshahara au kutelekezwa na jeraha hakuwa na pa kulalamikia. Mwaka 2010 alianzisha shule za mpira zenye jina lake, zikianzia Delhi. Aliwekeza pia katika United Sikkim, klabu ya nyumbani, akaichezea. Mjini Namchi, si mbali na kijiji chake, kuna uwanja wenye jina lake.

Kwenye siasa amefika wapi?

Hakufanikiwa. Aligombea ubunge wa Darjeeling mwaka 2014 kupitia chama cha Trinamool Congress, akashindwa. Siliguri mwaka 2016, akashindwa. Mwaka 2018 alianzisha chama chake Sikkim, nacho hakikumfikisha bungeni. Baada ya kushindwa tena mwaka 2024 alitangaza kuachana na siasa za uchaguzi.

Kwa nini hakuwa rais wa shirikisho la mpira?

Aligombea. Uchaguzi ulifanyika tarehe 2 Septemba 2022, muda mfupi baada ya FIFA kuisimamisha India kisha kuifungulia. Mpinzani wake alikuwa Kalyan Chaubey, kipa wa zamani wa klabu zilezile za Kolkata, ambaye sasa alikuwa mwanasiasa wa chama tawala cha BJP. Kura zilikuwa 33 kwa 1.

Nahodha wa kwanza kufikisha mechi 100, mtu aliyekwenda Ulaya bila wa kumwongoza, akapigania mishahara ya wenzake, aliambulia kura moja. Waliopiga kura ni wawakilishi wa vyama vya mpira vya majimbo. Wachezaji na mashabiki hawakuulizwa.